Namna ya kuoka hala, mkate wa kusuka wa Kiyahudi, nyumbani

Maswali kuhusu hala hunijia kwa utaratibu ule ule karibu kila mara. La kwanza ni kamba ngapi zisukwe. La pili ni kwa nini msuko umepasuka ubavuni. La tatu, ambalo huulizwa na aliyekwisha kukaribia kukata tamaa, ni kwa nini mkate uliopendeza machoni umekuwa mkavu mdomoni siku ya pili. Watu huogopa kusuka, ilhali kusuka hujifunzwa kwa robo saa, hata kwa vipande vya kamba ya katani juu ya meza. Hala huharibika mapema zaidi, pale mwokaji anapoongeza unga kwa sababu donge linanata, au pale anapouingiza mkate katika oveni kwa sababu tu saa imekwenda. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye donge kuliko kwenye msuko.

Hala ni mkate wa Sabato na sikukuu za Wayahudi. Jina lake hutamkwa kwa kh ya kooni, kama watu wa pwani wanavyotamka neno kheri, wala halihusiani na halahala yetu, ingawa wapo wauokao kana kwamba ndiyo maana yake. Jioni ya Ijumaa mikate miwili mizima huwekwa mezani chini ya kitambaa, kuwa ukumbusho wa fungu maradufu la mana lililookotwa siku ya sita, kama inavyosimuliwa katika Kutoka sura ya 16. Msuko wenyewe ni desturi ya Waashkenazi, yaani Wayahudi wa Ulaya ya kati na ya mashariki. Wayahudi wa Yemeni, Moroko au Iraki wana mikate yao ya Sabato ambayo si lazima isukwe.

Kuna mambo mawili ya dini yanayoingia moja kwa moja jikoni. Kwanza, hala ya kawaida haina maziwa wala siagi, kwa kuwa mlo wa Sabato mara nyingi huwa na nyama, na sheria ya chakula ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa kuliwa pamoja. Ulaini wote unatokana na mafuta na mayai. Pili, hakuna kuoka baada ya jua kutua siku ya Ijumaa, hivyo mkate sharti uwe umekwisha kutoka katika oveni kabla ya wakati huo. Ikiwa unamwokea mgeni wa Kiyahudi, muulize kwanza, kwa maana anayeshika kosha, yaani sheria hiyo ya chakula, kwa ukamilifu huangalia pia oveni na vyombo, si viungo peke yake.

Mahitaji kabla ya kuanza

Vipimo hivi vinatoa mikate miwili mikubwa.

- Unga wa ngano, kilo 1, na konzi moja ya akiba kwa ajili ya kunyunyiza
- Maji ya uvuguvugu, mililita 350, na mengine mililita 50 yakae pembeni
- Mayai 3 ya ukubwa wa kawaida kwa ajili ya donge, na yai 1 la kupaka
- Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, kama ya alizeti, mililita 100
- Sukari, gramu 100
- Chumvi, gramu 16, ambazo ni takriban vijiko vitatu vidogo vya chai, vya kusawazisha
- Hamira ya chenga, gramu 10
- Ufuta au mbegu za popi za kunyunyizia juu

Kuhusu unga, soma maandishi ya pakiti. Tafuta wenye protini gramu 11 au zaidi katika kila gramu 100, kwa maana unga dhaifu wa keki hutoa kamba zinazolegea na kutandazika. Usitumie kabisa unga uliokwisha kuchanganywa na baking powder kiwandani. Niliwahi kuchukua pakiti ya namna hiyo bila kuisoma, na nilichotoa katika oveni kilikuwa keki ngumu yenye alama za msuko.

Kwa upande wa vyombo, utahitaji bakuli kubwa, kitambaa safi, trei pana, karatasi ya kuokea, brashi ndogo na waya wa kupozea. Mizani ya jikoni si anasa katika kazi hii. Vikombe hudanganya: mtu mmoja hujaza kikombe kwa gramu 120 za unga na mwingine, kwa kushindilia, kwa gramu 160, na tofauti hiyo ukiizidisha mara nane umekwisha kupata mkate mwingine.

Jipe muda wa saa tano. Mwenye kutaka mkate uwe tayari saa kumi jioni aanze saa tano asubuhi. Njia nyingine, ambayo binafsi naipenda zaidi, ni kukanda Alhamisi usiku, kufunika bakuli na kuliacha kwenye friji mpaka asubuhi, kisha kuendelea kutoka hatua ya 6 baada ya donge kukaa nje kwa saa moja. Donge lililolala hupata ladha nzuri zaidi na husukika kwa urahisi.

Hatua za kazi

1. Jaribu hamira. Changanya hamira, kijiko kimoja cha sukari na maji mililita 350 ya uvuguvugu, kiasi cha kuweka kidole bila kusikia moto wala baridi. Baada ya dakika 10 pawe na povu juu. Pasipo na povu, hamira imekufa. Itupe sasa, kwa maana hakuna kusubiri kutakakoifufua. Maji ya moto huiua hamira kwa hakika zaidi kuliko jambo lingine lolote, na katika miji ya joto maji ya bomba yanatosha bila kupashwa.

2. Vunja mayai moja moja. Vunjia kila yai katika glasi kabla ya kulimimina kwenye bakuli. Desturi ya Kiyahudi ni kutupa yai lenye doa la damu, na hata asiyefuata desturi hiyo atanusurika na yai viza kuharibu mengine. Changanya mayai, mafuta na sukari iliyobaki ndani ya maji ya hamira.

3. Ongeza unga, kisha pumzisha. Tia unga pamoja na chumvi, koroga kwa mwiko mpaka pasiwe na unga mkavu, funika na uache dakika 20. Mchanganyiko utaonekana umeparara na wenye kunata, na hapa ndipo mkono wa mgeni wa kazi huanza kutafuta mfuko wa unga. Uzuie. Katika dakika hizo 20 unga hunywa maji wenyewe, na donge linalotoka ni jingine kabisa. Likiwa bado ni gumu baada ya kupumzika, ongeza maji ya akiba kijiko kimoja kimoja.

4. Kanda dakika 10 hadi 12. Sukuma donge mbele kwa kiganja, likunje, lizungushe, urudie. Paka mafuta kidogo mikononi badala ya kunyunyiza unga mezani. Donge la hala liwe gumu kidogo kuliko la maandazi na laini kuliko la chapati kavu. Linanata kidogo kwenye kidole lakini haliachi kipande juu yake. Vuta sehemu ndogo kwa vidole: ikitanuka kama utando unaopitisha mwanga kabla ya kukatika, umemaliza. Ikikatika mapema, endelea.

5. Liache liumuke. Paka bakuli mafuta, weka donge, funika. Lisubiri liwe maradufu, si saa fulani ifike. Katika chumba chenye nyuzi joto 22 hilo huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mombasa au Dar es Salaam mchana linaweza kufika kwa dakika 50. Zamisha kidole kilichopakwa unga: shimo likibaki, liko tayari.

6. Gawa kwa mizani. Donge zima lina uzito wa takriban kilo 1.7. Ligawe mara mbili, kisha kila nusu igawe vipande 3 vya karibu gramu 285, au vipande 6 vya karibu gramu 140 ukiamua kusuka kwa kamba sita. Vipande visipolingana, mkate utainama upande mmoja kama mashua iliyopakiwa vibaya. Vifunike na uviache dakika 10.

7. Tengeneza kamba. Bapaza kila kipande kwa kiganja ili kutoa hewa, kikunje kama mkeka, bana mshono, kisha kiviringishe kwa mikono miwili kuanzia katikati kwenda ncha mpaka kifikie urefu wa sentimita 40, katikati kukiwa kunene na ncha zikiwa nyembamba. Meza isiwe na mafuta wala unga mwingi, kwa sababu kamba huhitaji kukamata kidogo ndipo iviringike. Juu ya meza yenye mafuta itateleza tu huku na huku. Kamba ikirudi nyuma kila unapoivuta, usishindane nayo. Shika nyingine, na ukiirudia ya kwanza baada ya dakika tano itakuwa imetii. Kamba zote zikiwa tayari, zipake unga kiasi cha vumbi, ili kila moja ionekane peke yake baada ya kuokwa.

8. Suka. Anayeanza asuke kwa kamba tatu, kama nywele, ila aanzie katikati: suka kuelekea kwako mpaka mwisho, geuza kazi yote, kisha suka nusu iliyobaki. Ukianzia juu, ncha ya kwanza huwa nene na ya mwisho nyembamba. Usikaze, kwa maana donge bado litakua na linahitaji nafasi ya kukulia.

   Kwa kamba sita, zipange sambamba na uzibane pamoja upande ulio mbali nawe. Shika kamba ya mwisho kulia. Ipitishe juu ya mbili, chini ya moja, juu ya mbili. Sasa imekuwa ya kwanza kushoto. Rudi tena kulia, ushike ile iliyo mwisho, na ufanye vivyo hivyo: juu ya mbili, chini ya moja, juu ya mbili. Huanzi upande wa kushoto hata mara moja. Aliyewahi kumtazama bibi akisuka ukili wa mkeka atatambua mwendo huu mara moja, maana nao hubeba miyaa kutoka pembeni na kuipitisha juu na chini ya mingine. Ukipoteza hesabu, usikisie. Fumua hatua moja na uanze tena kulia. Mwishoni bana ncha na uzikunje chini ya mkate.

   Wapo Wayahudi wanaopenda kamba sita kwa sababu mikate miwili hutimiza kamba 12, idadi ya mikate ya wonyesho iliyotajwa katika Walawi 24. Hata hivyo, kamba tatu hazipunguzi chochote katika ladha.

9. Paka yai mara ya kwanza na uumue tena. Piga yai la kupaka pamoja na kijiko kidogo cha maji na chembe ya chumvi. Weka mikate juu ya karatasi ya kuokea ikiwa mbali mbali, ipake yai kwa wepesi, na uiache dakika 45 hadi 60 mahali pasipo na upepo. Bonyeza ubavu kwa ncha ya kidole. Alama ikiruka na kutoweka mara moja, ngoja. Ikirudi polepole na kubakiza kovu dogo, wakati umefika. Isiporudi kabisa umechelewa, na uoke bila kupoteza hata dakika moja. Kipimo hiki cha kidole ndicho kinachoamua kama msuko utapasuka au la, na ndicho kinachorukwa na watu wengi kuliko vyote.

10. Washa oveni mapema. Nyuzi 180, au 160 ikiwa oveni yako ina feni, na iwashwe dakika 20 kabla ya mkate kuingia.

11. Paka tena na uoke. Paka yai mara ya pili, hasa kwenye mabonde kati ya kamba, nyunyiza ufuta, na uoke katika sehemu ya kati ya oveni kwa dakika 32 hadi 38. Sukari na mayai huiva rangi haraka kuliko ndani. Mkate ukiwa wa kahawia iliyokolea kabla ya dakika 25, ufunike kwa karatasi ya aluminiamu bila kuikaza. Mkate ulioiva hutoa sauti ya mvungu ukigongwa chini, na mwenye kipimajoto akichoma katikati atasoma nyuzi 88 hadi 90. Anayeokea kwenye sufuria kwa makaa ya juu na chini aoke mkate mmoja mmoja, moto mwingi uwe juu ya mfuniko na mdogo chini, na afunue mara ya kwanza baada ya dakika 20, si kabla.

12. Pooza kwenye waya kwa saa moja. Harufu itakushawishi kukata. Mkate unaokatwa ukiwa wa moto hugandamana kisuni na kuonekana mbichi hata kama umeiva.

Kuhusu kutenga donge

Jina la mkate huu limetokana na fungu la donge lililoamriwa kutengwa katika Hesabu 15:20, ambalo zamani lilikuwa la kuhani. Tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe mwaka 70, fungu hilo dogo, lenye ukubwa wa zeituni, hutengwa baada ya donge kuumuka na kuteketezwa. Kwa kilo moja ya unga, kama ilivyo hapa, halitengwi. Wengi huanza kutenga unga unapofika takriban kilo 1.2, na husema baraka yake kuanzia takriban kilo 1.67. Nimelieleza kwa sababu wasomaji hukuta hatua hiyo katika maelekezo ya Kiyahudi na kudhani ni siri ya upishi. Si ya upishi.

Kwa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, hala husukwa ya duara, na mara nyingi hutiwa zabibu kavu kikombe kimoja mwishoni mwa kukanda. Njia nyepesi ni kuviringisha nusu ya donge kuwa kamba moja ndefu ya sentimita 70 na kuizungusha kama konokono, ncha ya nje ikikunjwa chini. Iongezee dakika tano za kuoka, kwa kuwa katikati pananenepa. Siku za Pasaka ya Kiyahudi hala haipo kabisa, maana mkate uliotiwa chachu umekatazwa.

Mkate ukikataa

Msuko umepasuka ubavuni. Karibu kila mara kuumuka kwa pili hakukutosha: donge bado lilikuwa na nguvu nyingi, likakulia ndani ya oveni kwa ghafla na kuchanika pale lilipobanwa. Ngoja zaidi, usuke kwa ulegevu zaidi. Sababu nyingine ni ngozi kukauka kwa upepo wa feni au dirisha, na dawa yake ni lile yai la kwanza.

Mkate umetandazika na kamba zimemezana. Hapa ni kinyume chake, umeumuka kupita kiasi, au maji yalizidi, au unga ulikuwa dhaifu. Katika nyumba zenye joto, punguza hamira iwe gramu 7 badala ya kupunguza muda.

Nje umeiva, katikati ni mbichi. Moto ulikuwa mkali. Oveni nyingi za nyumbani husema 180 huku zikiwa na 200. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani kitakueleza ukweli wa yako.

Kuna mistari myeupe kati ya kamba. Hiyo ni sehemu iliyofunguka baada ya kupakwa yai. Paka tena kwa haraka mkate ukiwa na dakika 15 ovenini, kisha urudishe.

Umekuwa mkavu siku ya pili. Ama unga uliongezwa wakati wa kukanda, ama mkate ulikaa ovenini dakika kumi zaidi ili upate rangi. Ukishapima unga kwa mizani na kuheshimu zile dakika 20 za kupumzisha, lalamiko hili hutoweka. Wengine huuliza kama asali badala ya sukari itasaidia; husaidia kidogo, ila rangi itakolea mapema, hivyo teremsha moto hadi nyuzi 170.

Unanuka hamira. Uliumuliwa mahali pa joto kali, labda juu ya jiko lililokuwa likiwaka. Uweke penye ubaridi zaidi wakati ujao.

Mkate uliopoa kabisa hukaa siku mbili ukiwa umefungwa kitambaani na kuwekwa ndani ya mfuko. Usiuweke kwenye friji, kwa kuwa ubaridi wa friji huukausha haraka kuliko hewa ya kabatini; friza ndiyo inayoutunza, mzima au umekatwa vipande, hadi mwezi mmoja. Uliobaki mpaka Jumapili ukate vipande vinene, uchovye katika mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa, na ukaange kwa siagi, maadamu mlo huo hauna nyama.